Makumbusho ya sayansi asilia kwenye jiji kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi kila siku toka kwa watu wanaojiandaa kwenda, nimeyakusanya sehemu moja. Sio ya makumbusho moja maalum, ni ya aina yote ile ya mifupa, ndege waliokaushwa, vipepeo na mawe, ila penye jambo la London au New York au Berlin peke yake nimetaja jina ili usije ukachanganya.

Makumbusho ya sayansi asilia yana nini ndani hasa?

Makumbusho ya historia ya kawaida unakuta silaha, nguo za wafalme, sarafu, mikataba ya zamani. Haya yanahusu dunia yenyewe na viumbe wake, yaani wanyama, mimea, wadudu, madini, vimondo, visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) na mara nyingi asili ya binadamu. Mengine yana jumba la nyota (ukumbi wa kuonyeshea anga) humo humo, kama ya New York. Usiyachanganye na vile vituo vya sayansi vya kubonyeza vitufe ukaona cheche zinaruka, navyo ni vizuri hasa kwa watoto ila ni habari nyingine. Huku unaenda kuona kitu chenyewe. Ndo maana karibu kila jibu hapa chini litarudi kwenye jambo moja: jua unachokiangalia ni nini na kimetoka wapi, la sivyo utazunguka kumbi zote na ukirudi huna cha kusimulia zaidi ya "kuna mifupa mikubwa".

Nitenge muda gani ili niyamalize yote?

Huyamalizi, kwahiyo hilo la kumaliza lisikusumbue. Makumbusho ya Smithsonian kule Washington yana vitu zaidi ya milioni 140, ya London milioni 80 hivi, na ingawa vilivyowekwa mbele ya watu ni kipande kidogo sana bado ni maelfu kwa maelfu. Mtu mzima wa kawaida ana nguvu ya masaa mawili mpaka matatu, baada ya hapo miguu inauma na macho yanaona ila kichwa hakipokei tena, utajiona unapita tu mbele ya vioo kama unatafuta mlango wa kutokea.

Kinachosaidia ni hiki. Ukiingia chukua ramani (au ipige picha pale ukutani), chagua kumbi mbili au tatu, nyingine ziache. Halafu ndani ya hizo kumbi chagua vitu vichache usimame navyo muda mrefu, mrefu mpaka uone aibu kidogo. Chukua mfano wa Sue, yule Tyrannosaurus rex wa Field Museum Chicago. Ukimpitia juu juu ni dinosaria mkubwa, urefu zaidi ya mita 12, basi. Ukisimama utaona kwenye taya la chini kuna matundu ya mviringo ambayo wataalam wamebishana miaka yalisababishwa na nini, utaona mbavu zilizovunjika zikaunga zenyewe, yaani mnyama aliumia, akapona, akaendelea kuishi, na mfupa mmoja wa mguu wa kushoto umevimba kwa ugonjwa. Hapo sasa sio sanamu tena, ni mnyama aliyekuwa na maisha ya tabu. Hayo huyapati ukiwa unakimbizana na ramani.

Siku gani na saa ngapi hakuna msongamano?

Siku za katikati ya wiki, mchana kuanzia saa nane hivi, wakati mabasi ya shule yameshaondoka. Asubuhi ya siku za shule usishangae ukakuta ukumbi wa dinosaria umejaa watoto wa darasa la tatu wanapiga kelele, ni haki yao, ila kama hupendi ingia upande wa madini kwanza, huko huwa pako kimya kabisa halafu wakitoka wewe unaingia. Wikiendi, likizo za shule na siku ya mvua ni balaa, maana familia zote za jiji zinapata wazo moja kwa wakati mmoja. Kama lazima uende Jumamosi basi wahi kabla milango haijafunguliwa na uanzie ukumbi wa mbali, watu wengi huganda kwenye ukumbi wa kwanza.

Angalia pia siku ya kufungwa. Mengi hufungwa siku moja kwa wiki na sio lazima iwe Jumatatu. Paris kwa mfano ile Grande Galerie de l'Évolution hufungwa Jumanne, na watu wanafika wanakuta geti.

Kuingia ni bure au kulipia?

Inategemea. London na Washington kuingia ni bure, ila maonyesho maalum ya muda yanalipiwa. Miji mingine unalipa mlangoni na jumba la nyota au sinema kubwa ni tiketi ya juu yake, kwahiyo soma vizuri kabla hujabonyeza kununua, usije ukanunua pakeji ya kila kitu wakati una masaa mawili tu. Mengi yana punguzo la wanafunzi, wazee na watoto, ukiwa na kitambulisho kibebe. Na hata pale penye bure siku hizi wengi wanataka uchague saa ya kuingia mtandaoni kabla hujaja, ni dakika chache tu na inakuokoa na foleni.

Naweza kuingia na begi, chakula, kigari cha mtoto?

Begi dogo sawa, litapekuliwa mlangoni. Begi la safari wengi hawalipokei hata kwenye sehemu ya kuhifadhia mizigo, usije moja kwa moja toka uwanja wa ndege ukiwa na masanduku. Chakula unabeba ila unakula sehemu iliyotengwa, na sababu sio usafi peke yake, makombo yanaita wadudu na wadudu ni adui namba moja wa vitu vilivyotengenezwa kwa ngozi, manyoya na mimea mikavu. Kigari kinaingia ila siku ya msongamano kubeba mtoto mgongoni ni rahisi zaidi.

Ile mifupa ya dinosaria ni ya kweli au ya plasta?

Swali zuri kuliko yote na usione aibu kumuuliza mfanyakazi. Jibu la kweli ni kwamba kuna vyote, mara nyingi ndani ya kiunzi kimoja. Karibu hakuna dinosaria aliyepatikana mzima, kwahiyo mifupa iliyokosekana hujazwa na nakala, na mingine ipo ila ni mizito mno kuning'inizwa. Sue mwenyewe mwili ni mifupa yake halisi lakini kichwa kilichopo juu ya shingo ni nakala, fuvu lenyewe liko kwenye kabati lake pembeni kwa sababu ya uzito. Berlin vile vile, yule dinosaria mrefu anayeitwa Giraffatitan kichwa cha juu ni nakala na halisi kimewekwa chini ambapo unaweza kukiangalia ana kwa ana, na mimi naona ni bora hivyo, maana nani angekiona kule darini.

Yule Dippy maarufu, dinosaria wa aina ya Diplodocus aliyezinduliwa London 1905, ni plasta mwili mzima. Tajiri Andrew Carnegie alikuwa na mifupa halisi kule Pittsburgh, akatengeneza nakala na kuzigawa kwenye miji mikuu kadhaa, ndo maana unaweza kukutana na Diplodocus yule yule Berlin na Paris ukadhani umechanganyikiwa.

Jinsi ya kujua bila kuuliza: tazama vyuma. Mifupa halisi mara nyingi inashikiliwa na vyuma vya nje, kama vikono vinavyoukumbatia mfupa, kwasababu hawataki kuutoboa. Nakala chuma kinapita ndani huoni kitu. Tazama na rangi. Mfupa halisi rangi yake haiko sawa, una nyufa, una viraka vya rangi nyingine pale fundi alipoziba. Nakala ina rangi moja ya kupakwa na wakati mwingine unaona mstari mwembamba pale nusu mbili za umbo zilipoungana. Sio kanuni ya asilimia mia, viunzi vya zamani sana kuna mifupa ilitobolewa, ila itakupeleka mbali.

Na kwa wanaouliza mbona mifupa ni myeusi au kahawia: hicho ni kisukuku. Mfupa ulikaa ardhini mamilioni ya miaka, maji yenye madini yakapenya na kujaza kila kijitundu, na rangi inategemea madini ya pale. Dinosaria mwenyewe mifupa yake ilikuwa na rangi ya mifupa ya kawaida tu.

Wale simba na tembo waliosimama ndani ya vioo, ni wanyama wa kweli?

Ngozi ni ya kweli. Macho ni kioo, ulimi na pua huwa vimechongwa na kupakwa rangi, na ndani hakuna nyama wala nyasi kama watu wanavyodhani. Zamani sana kweli walijaza majani makavu na matambara na ndo maana unakuta wanyama wa karne ya 19 wamevimba vibaya kama mito. Siku hizi fundi anachonga kwanza umbo la mwili mzima, misuli na mishipa, halafu ngozi inavalishwa juu. Aliyeisukuma mbele sana kazi hii ni Mmarekani Carl Akeley, aliyefariki 1926 huko Kongo akiwa kazini, na ukumbi wa wanyama wa Afrika wa New York uliofunguliwa 1936 una jina lake.

Ukifika ukumbi kama huo usiangalie mnyama tu, angalia nyuma yake. Ule ukuta umepinda, na mchoro wake ni wa mahali halisi ambapo mchoraji alienda akachora mawingu na milima yake. Sasa inama kidogo utafute ni wapi udongo wa kweli unaishia na mchoro unaanzia. Wamepaficha kwa kichaka, au jiwe, au mgongo wa mnyama, na ukishapapata mara moja utataka kupatafuta kwenye kila kioo. Watoto wanapenda huu mchezo kuliko maelezo yote.

Kuhusu kuuawa, ndio, wengi wa wale wa zamani waliwindwa kwa ajili hiyo hiyo na hakuna haja ya kuficha. Wanaoongezwa siku hizi kwa kawaida ni waliokufa kwenye bustani za wanyama, waliogongwa barabarani au waliokamatwa kwa wawindaji haramu. Wengine wana hadithi ya peke yao, kama wale simba wawili wa Tsavo walioko Chicago. Hao ndo walikuwa wanakula wajenzi wa reli 1898 mpaka Patterson, mhandisi wa reli hiyo, akawapiga risasi, halafu akakaa na ngozi zao nyumbani kama mazulia karibu robo karne kabla ya kuziuza kwa Field Museum miaka ya 1920. Zulia linakatwa kingo na linachakaa, kwahiyo hao simba ukiwaona wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa hai. Wengi wakiwaona wanasema "ndo hawa?". Ndo hao, na ni madume wote wawili, usidanganyike kwa kuwa hawana manyoya ya shingoni.

Mbona mle ndani kuna giza na wanakataza flashi?

Mwanga unaua rangi. Manyoya ya ndege, mabawa ya vipepeo, mimea iliyobanwa, vyote vinafifia taratibu na hakuna dawa ya kurudisha, ndo maana taa zinapunguzwa makusudi. Mawe na mifupa ya dinosaria vinavumilia zaidi ndo maana kumbi zao ni angavu. Picha bila flashi karibu kote ruksa, na flashi kwenye kioo haikusaidii chochote, utapata picha ya taa yako mwenyewe. Simu iegemeze kabisa kwenye kioo (ukiruhusiwa), mng'ao wote unaisha. Vijiti vya selfi na stendi za kamera wengi hawataki.

Naweza kugusa vitu?

Usiguse ila pale palipoandikwa gusa. Watu huona ni ukali tu lakini kuna sababu mbili. Ya kwanza ni jasho na mafuta ya vidole, mkono mmoja sio kitu ila elfu kwa siku ni kitu. Ya pili inakuhusu wewe: ngozi za zamani zilipakwa arseniki kuzuia wadudu, na hiyo sumu haiondoki kwa sababu miaka imepita. Kwahiyo mtoto akiweza kumfikia mnyama wa zamani aliyewekwa wazi, mshike mkono.

Vya kugusa vipo na huwa ni vizuri kuliko unavyodhani. New York kuna kipande cha kimondo cha Cape York kinaitwa Ahnighito, ni chuma cha tani 34 toka Greenland, kizito kiasi kwamba nguzo zake zinapita chini ya sakafu mpaka kwenye mwamba wenyewe ulio chini ya jengo. Unaruhusiwa kukishika. Ni kitu chenye umri wa karibu na wa jua letu, hakikutengenezwa duniani, na kina ubaridi wa chuma cha kawaida tu.

Nikienda na watoto itakuwaje?

Chini ya miaka minne wataangalia samaki hai kama wapo, ngazi za umeme na watoto wenzao. Usijilaumu. Kuanzia mitano sita ndo dinosaria wanaanza kuwa kitu, na wengi wanayajua majina kukushinda wewe, waache wakuelekeze. Kuna wanaoogopa, hasa dinosaria wanaotembea na kunguruma kwa mashine, London yupo mmoja wa hivyo, kwahiyo mwambie kabla kwamba anatikisika lakini ni mashine.

Wape kazi. "Tafuta mnyama mwenye meno marefu kuliko kidole chako", "tafuta kitu kilichotoka Afrika". Na penseli na daftari, mtoto akichora fuvu moja kwa dakika kumi ameliona vizuri kuliko mtu mzima aliyepiga picha mia. Kubaliana naye mapema kuhusu duka, maana mlango wa kutokea karibu kila makumbusho unapitia dukani na hiyo sio bahati mbaya.

Maelezo hayapo kwa Kiswahili, nitaelewa?

Utaelewa zaidi ya unavyofikiri. Vibao vingi vina mpangilio mmoja: jina la kawaida, jina la kisayansi kwa maandishi ya kulala, mahali kilipopatikana, mwaka, na namba. Jina la kisayansi halibadiliki popote duniani, Panthera leo ni simba Berlin na ni simba Tokyo, kwahiyo ukishindwa kibao liandike hilo jina kwenye simu utapata maelezo kwa lugha unayoijua. Programu za kutafsiri kwa kamera zinafanya kazi vizuri kwenye vibao, ila pakua lugha kabla maana intaneti ndani ya yale majengo ya mawe mazito ni ya kubahatisha.

Kingine, soma mahali na mwaka kabla ya kitu chochote. Kipepeo ni kipepeo, lakini kipepeo cha "Usambara" cha mwaka wa tisini na kitu wa karne ya 19 kinakuletea swali: nani alikuwa huko na wavu?

Kuna vitu vilivyotoka Afrika Mashariki?

Vingi mno, na kikubwa kuliko vyote kiko Berlin. Yule Giraffatitan niliyemtaja, urefu wa kwenda juu mita 13.27, ametoka Tendaguru, kilima kilicho ndani ndani ya mkoa wa Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913, enzi za Mjerumani, mamia ya watu wa kule walichimba, wakafunga mifupa kwa plasta na udongo, halafu wakaibeba kichwani na mabegani siku kadhaa za kutembea mpaka bandarini Lindi, jumla zaidi ya tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kazi yake haikuwa ya kubeba tu, alijua kuutoa mfupa uliopasuka bila kuumaliza. Vitabu vya zamani vinawataja Werner Janensch na Edwin Hennig waliokuwa wakuu wa msafara, yeye ilikuwa mpaka umtafute.

Kwenye ukumbi huo huo wapo wengine wa Tendaguru, kama Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na Dicraeosaurus, wote wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mjadala wa kwamba warudi Tanzania, au angalau Tanzania ifaidike nao, ni wa miaka na umefika mpaka bungeni. Mimi naona ukienda Berlin uende ukijua hayo, utamtazama kwa jicho jingine kabisa.

Mambo ya mageuzi ya binadamu je, nimpeleke mtoto?

Huo ni uamuzi wa mzazi na imani yake, siwezi kukuingilia. Ukumbi wa binadamu huwa ni tofauti na wa wanyama, unaweza kuupita bila shida. Ila kama mnaingia jua kwamba mafuvu mengi mtakayoyaona Ulaya na Marekani ni nakala. Yale halisi yaliyopatikana Afrika mengi yako Afrika: Zinjanthropus aliyepatikana na Mary Leakey Olduvai 1959 anatunzwa Dar es Salaam, Lucy, mifupa ya kale ya Ethiopia, yuko Addis Ababa, na yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984 yuko Nairobi. Kuna ambaye hajarudi, fuvu la Kabwe lililopatikana 1921 liko London na Zambia imelidai muda mrefu.

Kama wana mamilioni ya vitu, vingine viko wapi?

Nyuma na chini, kwenye makabati ambayo huyaoni. Wanayaweka sio kwa ajili ya kuonyesha, ni ya watafiti. Mtu anataka kujua ndege fulani alikuwa akiishi wapi miaka 120 iliyopita, au sumu ya kuulia wadudu ya DDT ilifanya nini kwenye maganda ya mayai, anaenda kupima mayai ya zamani, na huo utafiti ulifanyika kweli.

Unaweza kupata kuona kidogo. Berlin wameweka mkusanyiko wa vitu vilivyo kwenye spiriti ndani ya chumba kikubwa cha vioo, samaki na nyoka na mijusi kwenye machupa laki mbili na zaidi, unazunguka kwa nje. London ukilipia ziara ya sehemu ya spiriti unamkuta Archie, ngisi mkubwa wa mita 8.62 amelala kwenye tanki. Sehemu nyingi pia zina siku za milango wazi ambapo watafiti wanatoa droo zao na kuongea na watu, zitafute, ni bure mara nyingi.

Kitu kimoja cha nyuma ya pazia kinachonifurahisha: mifupa ya wanyama wapya husafishwa na mbawakawa wadogo wa jamii ya Dermestes, wanakula nyama yote mpaka wanaacha mfupa mweupe. Mbawakawa hao hao wakitoroka wakaingia kwenye ngozi na manyoya ni msiba, kwahiyo wanafungiwa chumba cha mbali na kila kinachotoka humo kinagandishwa kwanza.

Mimi mifupa hainivutii, kuna kingine?

Nenda kwenye madini. Washington kuna almasi ya Hope, karati 45.52, ya bluu, aliitoa sonara Harry Winston 1958 na aliituma kwa posta ya kawaida iliyowekewa bima. Watu hujazana hapo, lakini geuka uangalie makabati ya mawe ghafi jirani yake, mle kuna mawe yana maumbo ambayo ukiambiwa hayajachongwa na mtu hukubali.

Au angalia jengo lenyewe. Lile la London lililofunguliwa 1881 kuta zake zimejaa wanyama wa udongo wa kuchoma, upande mmoja waliotoweka na upande mwingine walio hai, na nyani wanapanda nguzo kabisa. Watu wanapita wakiwa wamemkazia macho nyangumi wa mita 25 anayening'inia katikati.

Natumia kiti cha magurudumu, au mtoto wangu hapendi kelele.

Majengo mengi ni ya zamani lakini lifti zimeongezwa, tatizo huwa ziko mbali na zimejificha, kwahiyo uliza mlangoni njia kabla hujaanza. Viti vya kuazima vipo sehemu nyingi. Kwa watoto wanaosumbuliwa na kelele na mwanga, makumbusho kadhaa yana masaa ya utulivu kabla ya kufungua kwa watu wote, taa na sauti zinapunguzwa, unaweka nafasi mapema maana zinaisha haraka.

Nimeokota jiwe, nadhani ni kimondo au kisukuku. Naweza kuwapelekea?

Unaweza, makumbusho mengi yana huduma ya kutambua vitu au siku maalum ya hiyo. Anza kwa picha: piga pande zote, weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, na uandike ulikookota. Usilioshe kwa sabuni, usilikate, usilipake mafuta. Kwa kimondo jipime mwenyewe kwanza: ni zito kuliko mawe ya ukubwa wake? Sumaku inanasa? Lina ganda jembamba jeusi lililoungua? Kama lina vitundu vingi vya mapovu karibu hakika ni taka ya tanuru la chuma, na hayo ndo wanaletewa kila wiki, wala hawatakucheka. Kama uliliokota nchi nyingine usiliweke kwenye begi kabla hujauliza sheria, nchi nyingi haziruhusu visukuku kutoka bila kibali na uwanja wa ndege wanapekua kweli.